Je, Nyumba ya Mungu Inaweza Kukodishwa?

Masomo: Kutoka 20:16, Mathayo 6:1-6, 1 Wakorintho 8



Wiki hii Mchungaji amenipa kurasa zake katika kijarida hiki. Ameniomba niandike yale niliyosema kwenye ibada ya katikati ya wiki, bila kupunguza. Mimi si mhubiri. Mimi ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kazi yangu ni saruji, mbao na mabati. Lakini swali lililonijia mwaka uliopita halikuwa la saruji, na sikuweza kulipeleka kwa fundi.

Lilianza hivi. Vijana wawili walikuja ofisini, wa heshima kabisa, wakasema wanatengeneza mchezo wa kuigiza wa runinga. Walitaka kukodi kanisa letu siku mbili, Jumatatu na Jumanne, na wangelipa shilingi elfu sitini. Nikawauliza hadithi ni ya nini. Wakasema ni ya nabii wa uongo anayemwuzia mama mjane chupa za maji ya maombi, mpaka mama anauza shamba.

Wapendwa, sikungoja wamalize. Niliwaambia kanisa si ukumbi wa maigizo. Kamati ilikaa dakika kumi tu, tukasema hapana kwa sauti moja. Ni mweka hazina peke yake aliyeshika kichwa, kwa sababu upande wa shule ya Jumapili ulikuwa unavuja, na mvua za Aprili zilikuwa zinakaribia.

Jumapili hiyo jioni nikawaeleza watu wa nyumbani, nikijisifu kidogo. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, akaniuliza: "Lakini Baba, mbona makanisa ya Uingereza hukubali? Ile shule ya Harry Potter si ni kanisa?" Nikamwambia asinichezee. Akaniletea simu, akanionyesha. Na tangu usiku ule sikupata raha mpaka nilipochimba jambo hili hadi chini.

MAKANISA YALIYOFUNGUA MLANGO

Mji wa Gloucester una kanisa kuu la zamani sana. Mfalme Henry wa Tatu alitawazwa humo mwaka 1216 akiwa mtoto, na Mfalme Edward wa Pili amezikwa humo. Kanisa hilo lilikuwa la watawa, na kuna vibaraza vya mawe vinavyozunguka bustani yao ya ndani, dari yake imechongwa kama vipepeo vilivyofunguliwa. Huko ndiko watawa walikotembea wakisoma na kuomba. Filamu ya kwanza ya Harry Potter ilitoka mwaka 2001, na vibaraza hivyo vikawa njia za ndani za shule ya uchawi. Nyaya za umeme na makufuli ya siku hizi yakafichwa. Pale watawa walipokuwa wakinawa mikono kabla ya kula, watoto wa filamu wakajificha zimwi lisiwaone. Baadhi ya Wakristo walilalamika sana, lakini watu wa filamu walirudi tena kwa filamu nyingine za hadithi hiyohiyo.

Kanisa kuu la Durham lilianza kujengwa mwaka 1093. Humo amezikwa Bede, yule mtawa aliyeandika historia ya jinsi Waingereza walivyoipokea Injili. Kumbuka kwamba kabla ya Injili, mababu wa Waingereza wale walikuwa na mungu wao wa radi. Watu wa kaskazini mwa Ulaya walimwita Thor. Basi mwaka 2019 ikatoka filamu ya Marekani, Avengers: Endgame, na ndani yake Kanisa la Durham ndilo lililokuwa nyumbani kwa Thor. Mungu wa radi aliyefukuzwa na wahubiri akarudi kwa mlango wa sinema, akapita karibu na kaburi la yule aliyeandika habari za kufukuzwa kwake!

Kanisa la Ely nalo limeazima sura yake mara nyingi. Westminster Abbey ya London, ambako wafalme hutawazwa, haifungui mlango kirahisi kwa filamu za kuigiza. Kwa hivyo ukitazama filamu ya The King's Speech ya mwaka 2010, au ule mfululizo wa The Crown, ukadhani unaona ndani ya Westminster, ujue unaona Ely.

Kwa nini wanakubali? Sababu ya kwanza ni ileile ya mweka hazina wetu. Paa linavuja. Tofauti ni kwamba lao ni la risasi na mbao za karne nyingi, na mawe yanabomoka kila majira ya baridi. Serikali yao kwa kawaida haiyalipii makanisa hayo gharama za kila siku. Wanategemea sadaka, wageni, misaada ya mara kwa mara, na kazi kama hizi. Sisi tuliojenga kwa harambee, tukaezeka kwa awamu tatu, hatuna ruhusa ya kuwacheka.

JE, MAWE YAMENAJISIKA?

Jibu langu la kwanza lilikuwa rahisi: wamenajisi patakatifu. Lakini nilipofungua Biblia ili nijithibitishe, Biblia ikanigeukia.

Sisi Wapentekoste tunafundisha nini kuhusu jengo? Tunafundisha, na ni kweli, kwamba hekalu la Mungu ni watu wake. Soma 1 Wakorintho 3:16. Tumeabudu chini ya mwembe, tumeabudu katika darasa la shule, tumeabudu katika ukumbi uliokuwa baa Jumamosi usiku, tukafagia vizibo vya chupa Jumapili asubuhi kabla ya maombi. Roho Mtakatifu hakutuuliza hati ya kiwanja. Sasa, kama mwembe haukumzuia Mungu kwa sababu ya yaliyotendeka chini yake jana, kwa nini mawe ya Durham yamzuie kwa sababu ya mwigizaji aliyevaa kama Thor?

Mtume Paulo aliulizwa swali la namna hii kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Jibu lake katika 1 Wakorintho 8 lina pande mbili. Kwanza anasema sanamu haina chochote ndani yake. Mungu ni mmoja. Pili anasema: angalia ndugu yako dhaifu, asijikwae kwa uhuru wako. Kwa hivyo Paulo hakuichunguza nyama. Aliwachunguza watu waliozunguka ile nyama, huyu anayekula na yule anayemtazama.

Nami nikajifunza jambo lingine juu ya Durham lililonifunga mdomo. Mwaka 1650, baada ya vita vya Dunbar, askari wa Kiskoti waliotekwa walifungiwa ndani ya kanisa lilelile. Walikuwa maelfu. Mamia kwa mamia walikufa humo kwa njaa, baridi na magonjwa, wakazikwa mashimoni kama mizigo. Mifupa ya baadhi yao ilifukuliwa mwaka 2013, wajenzi walipokuwa wakichimba karibu na hapo. Niambie sasa, mpendwa: nani aliyeichafua nyumba ile? Ni mwigizaji na nywele zake za bandia, au ni Wakristo waliowafungia Wakristo wenzao ndani ya kanisa wafe njaa? Hapo hapakuwa na kamera. Hapakuwa na maigizo. Yote yalikuwa kweli tupu.

Basi nikaliacha swali la mawe. Lakini bado kitu kilinisumbua, na nilikielewa nilipofika Lincoln.

KENGELE ILIYONYAMAZA

Mwaka 2003 Mmarekani Dan Brown alitoa riwaya iitwayo The Da Vinci Code. Inasema Bwana Yesu alimwoa Maria Magdalena, wakapata uzao, na kanisa likaificha habari hiyo kwa karne nyingi. Ni riwaya, ndiyo. Lakini mwanzoni mwa kitabu kuna ukurasa unaomwambia msomaji kwamba nyaraka na desturi zinazoelezwa humo ni sahihi. Hapo ndipo penye mwiba. Harry Potter hamdanganyi mtu kwamba iko shule ya uchawi. Riwaya hii ilikuja imevaa kanzu ya historia.

Watu wa filamu waliiomba Westminster Abbey, kwa sababu sehemu ya hadithi inatokea pale. Mwaka 2005 Westminster ikakataa, ikasema mafundisho ya kitabu hayana msingi katika imani. Ndipo Kanisa la Lincoln likakubali kusimama mahali pa Westminster. Lilipokea mchango wa pauni 100,000. Msimamizi wake mkuu alisema wazi kwamba kitabu ni upuuzi, lakini akaona kanisa lisijifiche, likabili mjadala. Siku za kurekodi, mtawa mmoja alipiga magoti nje akiomba kwa saa nyingi. Na ile kengele kubwa inayopiga saa ikanyamazishwa ili isiharibu sauti za waigizaji. Ilisemekana ilikuwa haijanyamaza tangu Vita vya Pili vya Dunia.

Kanisa la Winchester nalo liliwakubali watu wa filamu hiyohiyo. Lakini likachukua malipo yale likagharamia maonyesho, mihadhara na kampeni ya kuonyesha uongo wa kitabu. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Wale walijua walichofanya. Walijua wamekodisha kitu kilicho zaidi ya mawe, na wakajaribu kukirudisha.

Kitu chenyewe ni kipi? Ni ushuhuda. Watu wa filamu wangeweza kujenga nguzo za mbao na plasta, na mara nyingi wanafanya hivyo. Wakija kwa kanisa la kweli, wanataka ile hali ambayo plasta haina: kwamba mtu akitazama, moyo wake unaamini. Imani ile haikuletwa na mchongaji. Imeletwa na vizazi vya watu waliobatizwa humo, wakaoana humo, wakawalilia wafu wao humo. Ndiyo mali yenyewe inayokodishwa. Unakodisha machozi ya mama yako.

Kwa hivyo amri inayohusika hapa si ile ya sanamu tu. Ni ya tisa: usimshuhudie jirani yako uongo. Jengo linaweza kusimama kizimbani kama shahidi. Swali la kumwuliza mwenye kamera si kama ataleta uchawi au atavaa vibaya. Swali ni: hadithi yako inataka kanisa letu liseme nini, na je, hilo neno ni kweli?

MZANI UKANIGEUKIA

Nilifurahi nilipofika hapo. Nikadhani nimepata mzani mzuri wa kuwapimia Waingereza. Kumbe mzani huo una sahani mbili.

Wale vijana wawili wa mchezo wa kuigiza: hadithi yao ilisema uongo gani? Nabii anayemla mjane. Kwani hayupo? Ezekieli 34 imejaa wachungaji waliojilisha wenyewe wakawaacha kondoo. Bwana Yesu mwenyewe aliwasema wenye kula nyumba za wajane huku wakiomba sala ndefu, Marko 12:40. Katika mtaa wetu huuhuu ninamjua mama aliyeuza ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya "mbegu" aliyoambiwa apande. Ile hadithi ingekuwa maigizo, lakini ingesema kweli. Na pengine mama mmoja angeiona akaokoa shamba lake.

Kumbe sikuwakataa kwa sababu ya utakatifu wa nyumba ya Mungu. Niliwakataa kwa sababu ya jina letu. Niliogopa jirani aone madhabahu yetu kwenye runinga aseme, "Aha, ndio hao." Nililinda sura, nikasema nimelinda madhabahu.

Na hilo, wapendwa, ni dogo. Lililo kubwa linakuja, na ndilo Mchungaji aliloniomba nisilipunguze.

UPAKO USIOONYESHWA

Kwanza nipitie jambo moja la Westminster. Malkia Elizabeth wa Pili, yule ambaye habari ya kifo cha baba yake ilimkuta hapa kwetu Kenya akiwa safarini Nyeri mwaka 1952, alitawazwa tarehe 2 Juni 1953. Ilikuwa mara ya kwanza kamera za runinga kuonyesha kutawazwa kwa mfalme au malkia wa Uingereza moja kwa moja. Kulikuwa na ubishi mkubwa kama ziruhusiwe. Zikaruhusiwa, lakini si kwa yote. Askofu mkuu alipompaka mafuta, alifunikwa kwa kitambaa kilichoshikwa juu yake, na kamera hazikuonyesha. Vivyo hivyo mwaka 2023 kwa mwanawe, Mfalme Charles: waliweka pazia kumzunguka. Taji lilionekana na dunia nzima. Upako haukuonekana.

Halafu ule mfululizo wa The Crown ukaja, ukaigiza upako huo ndani ya Kanisa la Ely. Kile ambacho kamera ya kweli haikuruhusiwa kukiona, kamera ya maigizo ikakionyesha, kwa mtu asiyepakwa chochote.

Mimi si mtu wa wafalme wa Uingereza. Lakini kuhusu lile pazia, wana Biblia upande wao. Samweli alipotaka kumpaka Sauli mafuta, alimwambia amwagize mtumishi atangulie mbele, 1 Samweli 9:27. Yule nabii kijana aliyetumwa na Elisha alimwingiza Yehu ndani ya nyumba ndipo akamwaga mafuta, 2 Wafalme 9. Na Bwana wetu katika Mathayo 6 anatuelekeza chumbani, mlango umefungwa, kwa Baba anayeona kwa siri. Kuna mambo kati ya mtu na Mungu ambayo jicho la tatu likiingia, hubadilika kuwa kitu kingine hata kama maneno ni yaleyale.

KUUNGAMA KWANGU

Miezi mitano baada ya kuwafukuza wale vijana, tulipata wageni wengine. Hawa hawakuwa wa maigizo. Walikuwa wanatengeneza filamu ya maisha ya mheshimiwa mmoja, filamu ya hali halisi, ya mambo yaliyotendeka. Walitaka dakika chache za mheshimiwa akiabudu pamoja na waumini. Wangechangia shilingi laki moja na nusu kwa ajili ya mabati.

Kamati ilikaa dakika kumi, kama mara ile ya kwanza. Hakuna aliyeuliza, "Hadithi ni ya nini?" Tuliomba tukashukuru.

Siku ilikuwa Jumatano. Tuliwatumia waumini ujumbe waje wamevaa nguo za Jumapili. Mheshimiwa alifika, mtu mkarimu, akasalimia watu wote. Sina neno baya juu yake. Kijana wa kamera akatupanga: kina mama mbele, wazee upande wa dirisha kwa sababu ya mwanga. Akasema, "Sasa sifuni." Tukasifu. Nikainua mikono. Akasema, "Mzee, pole, kivuli kimeingia. Tena." Nikainua tena. Mara ya tatu akaniambia nifunge macho na nitikise kichwa kidogo, kama mtu anayeguswa. Nikafunga macho. Nikatikisa.

Wapendwa, niliokoka mwaka 1991, na mikono hii niliinua mara ya kwanza usiku nilipoacha pombe, nikiwa nalia mbele ya watu wasionijua. Jumatano ile niliinua mikono ileile kwa sababu ya kivuli.

Mbele kulikuwa na mama mmoja wa maombi, mnamjua, anauza mboga pale stendi. Kijana wa kamera alimwomba atoe machozi kidogo. Mama akamtazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, hapa nililia wakati mtoto wangu alikuwa amelazwa mahututi. Yale machozi yalikuwa ya Mungu. Leo sina mengine." Akachukua kikapu chake akatoka, akarudi sokoni. Mimi nilimkasirikia. Nilisema moyoni, huyu mama ataturudisha nyuma, mabati tutapata wapi?

Filamu ilitoka. Inasema mheshimiwa alilelewa katika kanisa letu. Hakulelewa hapa; siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupita mlango huu, na wazee wote tulijua. Na sisi tuko pale nyuma ya maneno hayo, tumejaa viti, tunasifu. Sisi ndio ushahidi wake.

Binti yangu aliitazama. Akasimamisha picha pale ninapotikisa kichwa. Hakunicheka. Aliniuliza tu, "Baba, hapa ulikuwa unaomba nini?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Sasa angalia mambo yalivyopinduka. Maigizo yaliyotaka kusema kweli, tuliyafukuza. Filamu iliyojiita ya kweli ikataka uongo, tukaifungulia mlango, tukaipangia na viti. Wale vijana wa kwanza wangeleta mwigizaji avae joho la nabii wa uongo, na kila mtu angejua ni mwigizaji. Hawa wa pili hawakuleta mwigizaji hata mmoja. Walitukuta sisi.

TUFANYE NINI BASI?

Narudi kwa swali la juu: je, nyumba ya Mungu inaweza kukodishwa? Jengo, ndiyo. Sitasema tena kwamba Gloucester wametenda dhambi kwa kuazima vibaraza vyao kwa hadithi ambayo kila mtoto anajua ni hadithi, ingawa ningeomba wamfikirie ndugu dhaifu. Lakini ushuhuda haukodishwi, na ibada haikodishwi hata kwa dakika tatu. Anayekodisha ibada hana cha kurudishiwa siku mkataba ukiisha.

Nimeiomba kamati, na wamekubali, kwamba mtu yeyote akija na kamera, awe wa maigizo, wa makala, au wa kampeni, tujiulize maswali matatu kabla ya kuuliza bei.

La kwanza: hadithi hii inalifanya kanisa letu liseme nini, na je, ni kweli? Tusiulize kama inatusifu au inatuaibisha. Kweli inayotuaibisha ni afadhali kuliko uongo unaotusifu.

La pili: ni kengele gani itanyamazishwa? Kama maombi ya asubuhi yataahirishwa, kama mama wa maombi atakosa pahali pa kupiga magoti siku hiyo, tujue tumeuza saa ambayo si yetu.

La tatu: kama wangekuja bila pesa, tungekubali? Jibu likiwa hapana, basi pesa ndiyo iliyokubali, si sisi.

Na kamera zetu wenyewe tusizisahau. Kila Jumapili ibada yetu inarushwa laivu, na ninashukuru, kwa sababu wagonjwa na walio Ughaibuni wanatufuata. Lakini wakati wa maombi ya madhabahuni, pale mtu anapovunjika mbele za Mungu, nimeomba kamera igeuzwe, itazame msalaba ukutani au izimwe kabisa. Waingereza waliweka pazia kwa ajili ya mfalme mmoja. Sisi tunaoamini kwamba kila mwamini amepakwa mafuta, hatuwezi kuweka pazia kwa ajili ya mama mboga?

Kuhusu yaliyopita: tumewaandikia watu wa mheshimiwa tukiomba waondoe maneno yale yasiyo kweli. Hawajajibu. Mabati hatuyang'oi, kwa sababu watoto hawana kosa na mvua haingojei toba ya wazee. Lakini nilitaka ninyi wenyewe mjue yalikotoka, ili mkiketi chini yake na mvua ikigonga, mkumbuke kutuombea. Niliwatafuta pia wale vijana wawili, nikawaambia mlango uko wazi na hatutaki malipo. Wakaniambia, kwa adabu, kwamba walishamaliza. Walitumia ukumbi wa shule moja na msalaba wa kadibodi.

Na yule mama wa mboga nilimwendea stendi, nikamwomba msamaha mbele ya wateja wake. Akanifungia sukuma wiki, akakataa pesa.

Tuombe.

Baba, wewe unayeona kwa siri, umeona pia yale tuliyofanya hadharani tukijifanya ni kwa ajili yako. Tusamehe. Safisha mikono yetu kabla hatujaiinua tena. Utupe midomo inayosema kweli hata ikituaibisha, na chumba ambacho hatutamfungulia mwingine ila wewe. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.